Kadi ya Njano Namba Kumi na Nne

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA MAHOJIANO NAMBA 2
MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Dada Dawa
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 46
Kazi: Mtoa dawa, duka la dawa la mtaa, mwaka wa kumi na saba
Makazi: Nyumba za nyuma ya kiwanda cha magodoro, mlango wa tatu
Uhusiano na marehemu: Dada yake mkubwa
Uhusiano na mtuhumiwa: Wifi yake
Tarehe na saa ya kuanza: Jumanne, tarehe 11 mwezi wa tatu, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili zangu timamu, sijatishwa na mtu wala sijaahidiwa kitu. Nimekuja kwa miguu yangu kueleza kwamba wifi yangu, aliyeko mahabusu hapa kituoni tangu Ijumaa, hakumpa mume wake vidonge vilivyomuua. Vilitoka kwangu. Naomba hilo liandikwe mwanzo kabisa, kwa sababu najijua, nikianza kusimulia nitazunguka mbuyu. Afande ameweka kalamu chini akanionya kwamba maneno haya yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimemwomba aichukue kalamu yake tuendelee.

Marehemu alikuwa mdogo wangu wa kiume. Tulinyonya ziwa moja, na baada yake Mama hakupata mwingine. Alikuwa na miaka 39, mke mmoja na watoto wawili. Alikuwa fundi wa vigae vya sakafu. Mtaani na saiti walimwita Pimamaji, kwa sababu kifaa hicho cha kupimia usawa hakikutoka mkononi mwake, na kwa sababu alikuwa na tabia ya kuingia nyumba ya watu, hata msibani, akaanza kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza. Kigae kilicholala vizuri kinatoa sauti fupi. Kilichobaki na hewa chini yake kinalia wazi, na fundi mwenye haya anakibandua hata kama juu kinapendeza. Siku mchumba wangu wa zamani alipotukaribisha kwao, mdogo wangu alimwambia mbele ya wazazi wake kwamba sebule yote inalia kama debe. Uchumba ule haukufika mbali.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa sita mwaka jana, siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi, alikuwa kazini kwenye jengo la ofisi la ghorofa tano. Lifti ya mizigo ilikuwa mbovu tangu wiki iliyotangulia. Foromani aliwaambia mafundi wapandishe maboksi ya vigae kwa ngazi, begani. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kiuno kilimkatika. Hilo ni neno lake. "Kimekatika, dada, nimekisikia." Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, na lile boksi aliliacha limesimama wima ili vigae visivunjike.

Tarehe 12 mimi na wifi tulimpeleka hospitali. Foleni ilituchukua saa tano na daktari alituchukua dakika sita. Niliangalia saa ya ukutani, nina ugonjwa huo wa kuangalia saa. Simsemi vibaya daktari, nyuma yetu kulikuwa na watu zaidi ya arobaini. Aliandika vidonge vikali vya maumivu vya siku kumi, mapumziko ya wiki tatu, na mazoezi ya mgongo kwa mtaalamu ambaye nafasi yake ya karibu ilikuwa baada ya miezi mitatu. Vidonge tulivipata siku hiyohiyo. Mapumziko yalikatwa na foromani kwa simu: "Jumatatu nisipokuona, nimeweka mtu mwingine." Na huyo mtaalamu wa mazoezi mdogo wangu hakuwahi kumtia machoni. Siku ya miadi ilipofika alikuwa saiti, ameshameza, mgongo haumuumi, akaona ya nini apoteze siku.

Jumatatu tarehe 17 alirudi kazini. Kazi ya vigae mtu anaifanya kwa magoti, ameinama, kutwa nzima. Aliifanya kwa vidonge. Vilipoisha alikuja dukani kwangu, tarehe 24, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na vumbi la saruji hadi kwenye kope.

"Dada, nisogezee viwili vitatu tu, nimalize ile ghorofa."

"Cheti kiko wapi?"

"Cheti si unakijua? Ulikuwepo kikiandikwa."

Kweli nilikuwepo. Nikampa kumi. Sheria ya dawa zile inataka cheti kipya cha daktari kila mara, na mimi sheria hiyo naijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Wateja wengine nimewafukuza kwa ukali mpaka wakanipa jina la Mama Cheti. Huyu nilimwona ni mdogo wangu, anaumwa kweli, na mimi nina ufunguo wa kabati. Wiki iliyofuata nikampa kumi tena.

Sasa naeleza habari ya kadi, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka. Dukani tuna boksi la viatu lenye kadi za wateja. Kadi nyeupe ni za wapita njia. Kadi za njano ni za watu wa dawa za maisha, yaani presha, sukari na kifafa. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi nakaa nyuma ya kaunta, napanga kadi za njano zote kwa mstari, najaza vikopo, naandika namba ya kadi kwa wino mwekundu juu ya kifuniko. Kesho yake, Alhamisi, anakuja mfamasia mwenye leseni. Anahesabu kadi, anahesabu vikopo, vikilingana anatia sahihi. Baada ya hapo yeyote aliye zamu anampa mteja kikopo chake bila swali. Utaratibu huo niliubuni mimi, baada ya bibi mmoja wa presha kutuangukia kwenye foleni. Nilipongezwa sana.

Mwezi wa nane nilimwandikia mdogo wangu kadi ya njano. Namba kumi na nne. Nilibania nakala ya kile cheti cha siku kumi, na mahali pa ugonjwa nikaandika "mgongo". Kumwandikia mtu kadi ya njano ni kusema dawa yake haina mwisho. Sikuliona hivyo. Niliona nampunguzia usumbufu wa kuja kunibembeleza mbele ya wateja, na mimi najipunguzia usumbufu wa kubembelezwa.

Nisimpake matope marehemu, miezi ile ilikuwa mizuri. Alikuwa mchangamfu kupita tulivyomzoea. Jumapili mbili za mwezi huo wa nane alikuja kumwekea Mama sakafu mpya jikoni, anaimba, anawatania watoto, na Mama akasema hospitali imemrudishia mwanawe. Ilikuwa Jumapili ya pili, tumekaa kwenye kizingiti tunakunywa chai, aliponiambia maneno ambayo sasa hivi hayanitoki.

"Dada, si mgongo tu. Nikivimeza, kichwa kinanyamaza."

Baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku ya mazishi kila mtu mzima aliyepita mlangoni alimshika bega akamwambia wewe sasa ndiye mwanamume wa nyumba hii. Sidhani kama aliwahi kulitua lile neno. Pale kwenye kizingiti alikuwa ananieleza jambo, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Basi nitilie na mimi, changu kimejaa kelele za wateja." Naye akacheka, tukaachia hapo.

Kufikia mwezi wa kumi na moja kikopo cha mwezi kilikuwa kinaisha kwa wiki mbili. Mara kikopo kimeanguka kwenye ndoo ya maji. Mara amekisahau saiti. Mara mtoto amekichezea. Nilikuwa naongeza, najifanya hamnazo. Kikopo hakianguki kwenye ndoo mara tatu, afande, mimi najua hilo na wewe unalijua.

Mnamo tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka huu alifukuzwa kazi. Foromani alipita kwenye ukumbi aliouwekea vigae mdogo wangu, anagonga kwa mpini wa ufagio, na vigae arobaini na vitatu vikalia. Pimamaji huyo. Mdogo wangu alivibandua vyote mbele ya mafundi wenzake, kisha akaambiwa akusanye vifaa vyake. Nilisimuliwa na wifi, aliponifuata dukani siku ya pili saa sita mchana, akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Wifi yangu ni mfagizi wa shule ya msingi na si mtu wa maneno. Alisubiri mteja wa mwisho atoke.

"Wifi, mwenzangu yupo lakini hayupo."

"Anaumwa."

"Anaumwa nini? Mgongo haumfanyi mtu alale amesimama. Juzi kamsahau mtoto shuleni mpaka nikamkuta na mlinzi getini. Jina langu mimi kalikosea."

"Sasa unataka aumie ndiyo ufurahi? Ile ni dawa ya hospitali, si bangi."

Hakukasirika. Akasema, "Nataka umtazame tu. Kati yetu sote wewe ndiye unayejua dawa." Akanunua dawa ya kikohozi ya mtoto akaenda zake. Niliudhika kutwa nzima, kama vile nimetukanwa.

Tangu siku hiyo wifi alianza kukikamata kikopo yeye mwenyewe. Alikiweka kwenye mkoba wake akawa anampa vidonge kwa mkono wake, vichache asubuhi na vichache jioni, akipunguza kila baada ya siku kadhaa. Mama aliwahi kumkuta akimpa. Hicho ndicho Mama alichowaeleza polisi siku ya Ijumaa, kwamba kwa macho yake amemwona mkwewe akimtilia mwanawe vidonge mdomoni. Ni kweli alimwona. Ila alichokiona ni mtu pekee katika ukoo wetu aliyekuwa anajaribu kumtoa yule ndugu pale alipokwama, na bila kufundishwa na yeyote.

Mnamo tarehe 8 mwezi wa pili, Jumamosi, saa tano asubuhi, mdogo wangu alikuja dukani wifi akiwa sokoni. Nikampa vidonge vichache juu ya kaunta ili aondoke. Alipotoka kimoja kilimponyoka, kikaviringika hadi kwenye mfereji wa maji machafu ulio mbele ya duka. Alipiga magoti. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akakitafuta, akakipata, akakifuta kwenye suruali na kukitia mdomoni. Kisha akageuka akaona namwangalia, akatabasamu kama mtu aliyedondosha ufunguo. Wateja wawili walikuwepo. Mmoja aliguna.

Pale ndipo nilipomwona. Na mimi, badala ya kushuka nimshike mkono, nilipandwa na hasira ya aibu. Nilimwambia kuanzia leo hupati hata kimoja. Nikampigia wifi nikamwamuru akimwage kikopo chooni. Alinisihi tupunguze polepole. Nikamwambia mimi ndiye niliyesomea.

Alikatiwa kwa siku moja kitu ambacho mwili ulikuwa umekizoea miezi minane. Alitetemeka, akatapika, akaharisha, akalia kwamba mifupa inamuuma. Tarehe 11 wifi alimpeleka hospitali peke yake. Muuguzi mmoja alimweleza kwamba huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, kwamba ipo kliniki ya watu walioshikwa na vidonge, kwamba hatakiwi kukatiwa ghafla, na kwamba angeletwa na ndugu kila asubuhi mpaka atakapokaa sawa. Wifi alirudi na karatasi ya rufaa. Tulikaa kikao cha familia jioni hiyo, saa kumi na mbili, jikoni kwa Mama. Mama alisema, "Mwanangu hakuvuta, hakujidunga. Alikunywa dawa aliyopewa na dada yake. Simpeleki kupangwa mstari na mateja watu wamwone." Wifi alinigeukia. Nikaangalia sakafu. Kama ile kliniki ingeuliza dawa zilitoka wapi, ningejibu nini? Karatasi ya rufaa Mama aliikunja akaiweka chini ya kopo la sukari, na nadhani ipo mpaka leo.

Kuanzia tarehe 12 mwezi wa pili tulimfungia kwenye chumba cha nyuma kwa Mama. Alikaa siku kumi na tisa. Mengi ya siku zile naomba nisiyaseme, kwa heshima yake. Siku ya tano alinitukana tusi ambalo halijawahi kusikika kwenye nyumba ile, na Mama akatoka nje akakaa juu ya ndoo. Siku ya kumi na mbili asubuhi nilikuwa namtengenezea uji, mlango tumeshaacha kuufunga, nikasikia kidole kikigonga nyuma yangu. Alikuwa amechuchumaa anagonga sakafu ya Mama, kigae kimoja baada ya kingine, kichwa amekiinamisha upande. Alivipata viwili vilivyolia, vile alivyoweka Jumapili ya pili. Akasema, "Dada, hivi niliviweka mimi kweli?" Nilifurahi mpaka nikaunguza uji.

Tarehe 3 mwezi wa tatu, Jumatatu, alirudi kwake. Kuna jambo nilitakiwa kumwambia siku hiyo, na ninalijua, limeandikwa kwenye kitabu kilichoko chini ya kaunta yetu. Mtu aliyeacha vidonge vile kwa majuma, mwili wake unakuwa mgeni upya. Akirudia kiasi chake cha zamani, kiasi hicho kinaweza kumsimamisha pumzi. Sikumwambia. Niliona nikimwambia ni kama namwambia tunajua utarudia. Sikutaka kumtia neno hilo kichwani siku aliyokuwa amenyoa ndevu.

Mnamo tarehe 5, Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, nilipanga kadi za njano kwa mstari kama kawaida. Kadi namba kumi na nne ilikuwepo. Sikuwahi kuitoa. Kuiondoa kadi ya njano kunataka kuandika sababu nyuma yake, na mfamasia angeisoma kesho yake, angeuliza huyu wa mgongo ni nani na aliidhinishwa na nani. Nikiiacha kadi bila kikopo, hesabu isingelingana, na angeuliza vilevile. Yangekuwepo maswali ya dakika kumi. Afande ameniuliza kama nilikijaza kikopo kwa mazoea, bila kuona. Ingekuwa rahisi kusema hivyo na nimelifikiria sana njiani. Hapana. Niliiona kadi, nikalisoma jina, nikajaza. Nilijiambia ninakijaza kwa ajili ya mfamasia tu, akishaondoka nitakirudisha kabatini. Alhamisi mfamasia alihesabu, vikalingana, akatia sahihi. Alipoondoka duka lilijaa watu nikasahau.

Jioni ya Alhamisi hiyo, saa kumi na moja, mdogo wangu alinipigia simu. Alikuwa ameanza kuweka upya vigae vya bafu lake mwenyewe, ili awe na la kumwonyesha foromani mwingine. Alisema, "Dada, kiuno kimerudi." Nilimwambia alale chali na aweke kitu cha moto. Sikumuuliza kinauma vipi kwa sababu niliogopa ombi litakalofuata. Hakuomba kitu. Akasema asante. Ule mgongo, afande, haukuwahi kutibiwa na mtu yeyote tangu siku ya ngazi. Tuliunyamazisha tu.

Ijumaa tarehe 7 nilimpeleka Mama kliniki ya macho. Zamu ilishikwa na muuguzi mstaafu anayetusaidia siku kama hizo. Majira ya saa nne asubuhi mdogo wangu aliingia, akamsalimia "Shikamoo mama," akasema, "Namba kumi na nne." Yule mama alikichukua kikopo rafuni akampa, kama utaratibu wangu unavyoelekeza. Naomba asisumbuliwe. Hakukosea hata hatua moja.

Wifi alirudi kutoka kazini saa tisa alasiri. Alimkuta bafuni ameegemea ukuta, mikono ina saruji, safu tatu za vigae ziko mahali pake. Hakuwa na pumzi. Watoto walikuwa bado shule.

Jumamosi msibani, saa sita mchana, muuguzi mstaafu alinivuta pembeni akaniambia alivyompa kikopo siku iliyopita. Wakati huo wifi alishalala hapa usiku mmoja. Nilimwambia yule mama anyamaze kwanza. Jumapili tulimzika mdogo wangu mke wake hayupo, na nilisikia wanawake wakisema huyo muuaji asilete hata pua. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Sikufungua mdomo. Niliogopa kazi yangu, niliogopa pingu, na zaidi ya vyote nilimwogopa Mama. Naona aibu kulisema hilo kuliko yote niliyokwisha kusema hapa.

Jana Jumatatu, saa nne asubuhi, mimi na Mama tuliitwa kutambua vitu. Afande aliweka mezani kikopo kilichokutwa kwenye mkoba wa wifi. Lebo ilikuwa imekwanguliwa yote. Mama akasema ona, kaficha ushahidi. Mimi nilikuwa naangalia kifuniko, ambako kuna kumi na nne kwa wino mwekundu, mwandiko wangu. Lebo ile ilikuwa na jina la duka letu na sahihi yangu. Wifi aliikwangua kwa kucha, akakitia kikopo mkobani mwake kabla hajaita mtu, mume wake yuko sakafuni. Alijua ni nani angefuatwa. Na siku nne hizi, nimeambiwa, kila akiulizwa vidonge vilitoka wapi anajibu "sijui".

Tulipotoka wifi alikuwa anapitishwa kwenye korido. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa na gundi nyeupe. Mama aligeuza uso. Wifi aliniangalia mimi akasema, "Wifi, watoto wamekula?" Nikasema wamekula.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimweleza Mama yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Nilipomaliza alisema, "Mmoja nimemzika juzi. Na wewe ukienda, nibaki na nani?" Nikamwambia utabaki na mkweo. Aliendelea kuchambua. Nilichukua boksi la kadi nikaja.

Afande ameniuliza chanzo ni nini, kwa sababu fomu ina nafasi ya chanzo. Nafasi yenyewe ni mstari mmoja. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekwambia chanzo ni vidonge, vinamshika mtu. Vinashika, ndiyo. Lakini vilimkuta ana mgongo uliokatika na foromani wa kuweka mtu mwingine mahali pake Jumatatu, na kichwa kilichopiga kelele tangu utotoni, na mama anayeogopa majirani, na dada mwenye ufunguo. Foromani simwondolei lawama, daktari simwondolei, lakini hao hawakumpenda. Mimi nilimpenda, na kikopo kilitoka mkononi mwangu. Kama mstari ni mmoja, andika kadi.

Maelezo yangu yanakomea hapa. Nimesomewa yote kwa sauti, nimeona ni yangu, na ninatia sahihi bila kulazimishwa.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA OFISA: Nimeandika maneno ya shahidi kama alivyoyatamka. Alionywa kisheria mwanzoni na akachagua kuendelea. Amekabidhi boksi moja la viatu lenye kadi za njano thelathini na moja. Alipoambiwa kwamba kuanzia sasa hataitwa tena shahidi, alisema ameelewa, akaomba maji. Maelezo yalifungwa saa 6:05 mchana.

NYONGEZA, saa 9:30 alasiri: Mtuhumiwa wa kwanza ameachiwa huru na kurudishiwa mkoba wake. Mama mkwe wake alikuwa nje ya geti tangu saa saba, na watoto wawili, na hakuingia ndani. Mtuhumiwa aliwaona kupitia dirisha, akawapungia mkono wamsubiri. Kisha akarudi akakaa kwenye benchi la korido, mkabala na mlango wa mahabusu. Nilimweleza kwamba yuko huru na anaruhusiwa kuondoka. Alijibu kwamba anajua, ila wifi yake hajala tangu asubuhi, na aliuliza ni nani amwombe ruhusa.